Presha ya kupanda: uongeze dozi au uongeze dawa?

Mama yangu alipigwa na kiharusi mwaka 2018, nyumbani Mbagala, akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Dawa zake za presha zilikuwa kabatini, pakiti nzima haijafunguliwa.

Alikuwa ameanza na amlodipini ya miligramu 5. Presha ilishuka kidogo kisha ikagoma, na kwenye kituo alichokuwa akihudhuria wakampandishia dozi ikawa 10. Wiki chache baadaye miguu ikaanza kuvimba. Ikifika jioni kandambili zinambana. Hakumwambia mtu. Akaacha kumeza kila siku, akawa anazikumbuka dawa pale tu kichwa kinapomgonga. Mimi mwanawe ni mfamasia, nauza vidonge hivyohivyo Temeke, na sikuwahi kumuuliza miguu ina nini.

Mama yupo, namshukuru Mungu. Anatembea kwa mkongojo na mkono wa kulia hauna nguvu kama zamani. Tangu hapo kila utafiti mkubwa wa presha unaotoka nausoma nikiwa na swali moja: kama tungeyajua haya, yeye angepewa nini? Majibu yamepatikana mengi, na mengine yametoka hapahapa Afrika, kwa wagonjwa kama wetu. Nayaweka hapa kando kwa kando, kwa kufuata maswali ninayoulizwa kaunta, na kila mahali nasema mimi ningechagua lipi. Anayeandika dawa ni daktari wako. Lakini ukiingia chumbani kwake ukijua kwamba njia ni mbili, na zinatofautiana wapi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Tuelewane kwanza kwenye namba. Presha inaitwa ya kupanda ikifika 140 kwa 90 au kuzidi hapo, tena katika vipimo vya siku zaidi ya moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania yuko kwenye kundi hilo. Wengi wao hawaumwi chochote, na hapo ndipo ugumu ulipo: unamwambia mtu mzima anayepiga kazi zake kwamba ameze dawa kila siku ya maisha yake.

Dozi kubwa au dawa ya pili

Dawa ya kwanza haijaishusha presha ya kutosha. Njia ya kwanza ni ile aliyopitishwa mama: dawa ileile, dozi mara mbili. Ni rahisi kwa mwandikaji, rahisi kwa mgonjwa, kidonge kinabaki kimoja. Njia ya pili ni kuiacha dawa ya kwanza kwenye dozi ndogo na kuongeza nyingine ya kundi tofauti.

Mwaka 2009 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 42 yenye washiriki karibu 11,000. Uligundua kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kupandisha dozi ya dawa ileile mara mbili. Mara tano! Na sababu yake inaeleweka. Mwili una njia kadhaa za kupandisha presha: kubana mishipa, kushikilia chumvi na maji, kutoa homoni za figo. Ukiziba njia moja, mwili unapitia nyingine. Kuendelea kuisukuma njia uliyokwisha kuiziba hakuongezi mengi, ila madhara ya dawa yanapanda. Kuvimba miguu kwa amlodipini ni mfano dhahiri: kwenye miligramu 5 hutokea kwa wachache, kwenye 10 hutokea kwa wengi zaidi.

Kuna jambo jingine lililoniumiza nilipolielewa vizuri. Uvimbe ule hautokani na maji kuzidi mwilini. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha inabaki imebana, basi majimaji yanavujia kwenye vifundo vya miguu. Dawa za kundi la losatani na zile zinazoishia na “prili” hulegeza upande wa kurudisha pia. Kwa hiyo mgonjwa aliyevimba miguu kwa amlodipini mara nyingi hupata nafuu akirudishwa kwenye dozi ndogo na kuongezewa losatani, wakati kidonge cha kukojoza kwa uvimbe wa aina hiyo husaidia kidogo sana. Mama leo anakunywa amlodipini 5 na losatani 50. Miguu haivimbi.

Hapa sina kigugumizi: dozi ndogo za dawa mbili ni bora kuliko dozi kubwa ya moja, kwa watu wengi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 lilishauri vivyo hivyo, kwamba hata mwanzoni mwa tiba mgonjwa aweza kuanzishwa dawa mbili, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Anayebaki na dawa moja kwa haki ni mwenye presha iliyozidi mpaka kidogo tu, au mzee dhaifu anayepata kizunguzungu akisimama.

Jozi ipi kati ya tatu

Sasa tufike kwenye utafiti ninaoupenda kuliko yote, unaoitwa CREOLE. Ulichapishwa mwaka 2019, ukiongozwa na daktari wa moyo Dike Ojji wa Chuo Kikuu cha Abuja. Wagonjwa 728, wote Waafrika weusi, kutoka nchi sita: Nigeria, Kameruni, Afrika Kusini, Uganda, Kenya na Msumbiji. Tanzania haimo, lakini majirani zetu watatu wamo, na sioni sababu ya kudhani kwamba mishipa ya mtu wa Mombasa ni tofauti na ya mtu wa Tandika.

Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza: amlodipini na haidroklorothiazidi, ile dawa ya kukojoza ambayo wateja wangu huiita HCT. La pili: amlodipini na perindoprili. La tatu: perindoprili na HCT, bila amlodipini. Wakaanza na dozi ndogo kwa miezi miwili, kisha zikaongezwa mara mbili kwa miezi minne. Mwishoni walipimwa kwa mashine inayovaliwa saa 24, inayopima mchana na usiku mtu akiwa kwenye shughuli zake.

Jozi mbili zenye amlodipini zilikwenda sambamba. Hakuna iliyoishinda nyenzake. Zote mbili ziliishinda ile ya tatu kwa takriban milimita 3 za zebaki, nitakazoziita pointi, kwenye namba ya juu. Utaniambia 3 ni ndogo. Kwa mkono mmoja, siku moja, kweli ni ndogo. Ukinywa chai na ukapanda ngazi presha inaruka zaidi ya hapo. Lakini uchambuzi mkubwa wa majaribio uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila pointi 5 zinazoshuka kwenye namba ya juu hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa karibu asilimia 10. Pointi 3 zisizokugharimu chochote, kwa kuchagua tu jozi hii badala ya ile, si za kuachwa.

Kwa nini amlodipini? Kwa watu weusi wengi homoni ya figo iitwayo renini iko chini. Dawa za “prili” na losatani hufanya kazi kwa kuukata mnyororo unaoanzia kwenye renini, basi zikipewa peke yake hazina mengi ya kukata. Amlodipini hulegeza ukuta wa mshipa moja kwa moja, haingoji renini. HCT hutoa chumvi na maji, nayo haingoji. Jambo hili lilionekana mapema Marekani katika jaribio kubwa la ALLHAT lililochapishwa mwaka 2002, lenye washiriki zaidi ya 33,000: miongoni mwa Wamarekani weusi, waliopewa lisinoprili walipata viharusi kwa asilimia 40 zaidi ya waliopewa dawa ya kukojoza. Hiyo ilikuwa dawa moja dhidi ya nyingine, siyo jozi, ila ndiyo inayonifanya nisiridhike ninapoona mgonjwa wa presha tupu ameandikiwa losatani peke yake mwaka baada ya mwaka.

Basi tuziweke jozi hizi kwenye maisha ya Dar.

Amlodipini na HCT ni jozi ya bei nafuu, na vidonge vyote viwili vimezoeleka kwenye maduka ya dawa ya mitaani. Kero yake ni mkojo. Dereva wa daladala aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa saa moja asubuhi, kidonge cha HCT kimeshaanza kazi, anateseka, na mwisho wake ataacha. Namshauri ameze akirudi mapema alasiri, au amwombe daktari jozi nyingine. HCT pia inaweza kushusha potasiamu na kumwamsha mwenye jongo, na kwa mwenye sukari inabidi vipimo vya damu viangaliwe mara kwa mara.

Amlodipini pamoja na “prili” au losatani ndiyo ningeichagua kwa mwenye kisukari ambaye mkojo wake umeanza kuonyesha protini, kwa sababu kundi hili hulinda figo. Pia kwa aliyevimba miguu, kama nilivyosema. Dawa za “prili” huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha; nimewahi kumkuta mtu amemaliza chupa tatu za dawa ya kifua kumbe kinachomkohoza ni kidonge cha presha. Losatani haina kero hiyo kwa kiasi hicho. Hatari yenyewe ya “prili” ni nadra lakini ni kubwa, na huwapata watu weusi zaidi: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Ikitokea ni kwenda hospitali saa hiyohiyo na kutoigusa tena dawa hiyo. Na kwa mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta mimba, kundi hili lote, losatani ikiwemo, halimfai kabisa, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mwone daktari akubadilishie.

Losatani na HCT ndani ya kidonge kimoja ni jozi unayoikuta sana hapa mjini, na wengi wanaitumia. CREOLE haikuijaribu losatani yenyewe. Iliijaribu perindoprili, lakini zote mbili zinakata mnyororo uleule. Je, anayeitumia abadilishe? Kama presha yake imekaa chini ya 140 kwa 90 kwa miezi na hana kero, abaki nayo. Zile pointi 3 ni wastani wa mamia ya watu, na namba za mkono wake mwenyewe zinasema zaidi. Kama haijashuka, basi swali la kwenda nalo kliniki ni hili: “Daktari, kwa nini mimi sina amlodipini?”

Lazima niseme pia CREOLE isichoweza kutuambia. Ilidumu miezi sita, ikapima presha. Haikuhesabu viharusi wala vifo. Tunaunganisha namba zake na tafiti nyingine ili kufika kwenye kiharusi, na kiunganishi hicho ni imara, ila ni kiunganishi.

Vidonge viwili, kidonge kimoja chenye viwili, au kimoja chenye vitatu

Ojji huyohuyo na wenzake walirudi mwaka 2024 na utafiti wa Abuja walioupa jina VERONICA. Wagonjwa 300. Nusu walipewa kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo sana: telmisatani, amlodipini na indapamidi. Nusu nyingine walipewa tiba ya kawaida inayofuata mwongozo wa Nigeria, dawa zikiongezwa hatua kwa hatua. Baada ya mwezi mmoja tu, waliokuwa wamefikia lengo kliniki walikuwa 81 katika kila 100 kwa kidonge cha tatu-ndani-ya-kimoja, dhidi ya 55 kwa tiba ya kawaida. Baada ya miezi sita, presha iliyopimwa nyumbani ilikuwa imeshuka pointi 31 upande mmoja na 26 upande wa pili.

Angalieni hiyo ya pili. Tiba ya kawaida iliposimamiwa vizuri ilishusha pointi 26, na hizo si haba hata kidogo. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kasi, na kasi ina thamani yake: mgonjwa anayeona namba nzuri kwenye ziara ya kwanza hurudi ziara ya pili.

Kwenye rafu yangu kidonge hicho chenye dawa tatu hakipo. Vya mchanganyiko wa dawa mbili vipo, na hapo uchaguzi ni wa kweli. Kidonge kimoja chenye mbili ni rahisi kukumbuka, na kwa mzee anayemeza pia dawa za sukari na za miguu, kupunguza kidonge hata kimoja ni jambo kubwa. Lakini mara nyingi bei yake inazidi ya kununua dawa zilezile mbalimbali, na kikiisha dukani unakosa zote mbili kwa mpigo. Kwa anayenunua kwa fedha yake mfukoni, tena kwa wiki na siyo kwa mwezi, huwa namwambia achukue vidonge viwili tofauti vya bei nafuu atakavyoweza kuvinunua hadi Desemba. Kwa mwenye bima inayokubali mchanganyiko, achukue mchanganyiko.

Asubuhi au usiku

Hili ni fupi. Mwaka 2019 utafiti wa Hispania ulidai kwamba kumeza dawa za presha wakati wa kulala hupunguza vifo na viharusi karibu nusu, na wengi wakahamia usiku. Wataalamu walitilia shaka matokeo yale. Kisha mwaka 2022 Uingereza ikatoa jibu la jaribio la TIME, lenye washiriki zaidi ya 21,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano: asubuhi au jioni, hakuna tofauti. Meza saa utakayoikumbuka. Mama anameza jioni kwa sababu ndiyo saa ninayofika kwake.

Anayefunga Ramadhani, muhimu kwake ni dawa iwe ya mara moja kwa siku. Amlodipini anaimeza kwenye futari au daku na mambo yanakwenda. Captoprili, inayotakiwa mara mbili au tatu kwa siku, haimfai mwezi huo. Amwone daktari kabla mwezi haujaandama, siyo katikati ya funga.

Mashine: ya juu ya kiwiko, ya kifundo, au ya barabarani

Kabla ya kubadilisha dawa, hakikisha namba unayoibishania ni ya kweli. Mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono ni ndogo, nzuri kwa pochi, na inavutia wateja. Mimi simuuzii mtu bila kumwambia kwamba ile ya kufunga juu ya kiwiko ndiyo inayotegemewa zaidi, kwa sababu ya kifundo hupotoka kirahisi mkono usipokuwa sawa na moyo.

Hata hiyo ya juu ya kiwiko, mkanda ndiyo roho yake. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliotoka mwaka 2023, uliwapima watu 195 kwa mikanda ya saizi mbalimbali. Waliokuwa wanahitaji mkanda mkubwa kabisa wakapimwa kwa ule wa kawaida walisomeka juu kwa pointi 19.5 kwenye namba ya juu. Fikiria mama mwenye mkono mnene anayesomeka 155, kumbe yuko 136. Ataongezewa dawa ya presha ambayo hana. Na mwembamba aliyefungwa mkanda mpana kuliko mkono wake husomeka chini kuliko ukweli. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua mashine, beba futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma kipimo kilichoandikwa kwenye mkanda kwa sentimita. Kama mkono wako haumo, usinunue hata ukipunguziwa bei.

Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins walijaribu jambo dogo zaidi: mkono umewekwa wapi. Ulipowekwa juu ya paja, namba ya juu ilizidi kwa karibu pointi 4. Uliponing'inia pembeni, ilizidi kwa 6.5, ukilinganisha na mkono uliolazwa juu ya meza usawa wa moyo. Linganisha na zile pointi 3 za CREOLE tulizozijadili kwa urefu. Mkono unaoning'inia unaweza kufuta faida yote ya kuchagua jozi bora.

Ndiyo maana wale vijana wenye mizani na mashine pembeni ya stendi siwadharau, wamewashtua wengi wakaenda hospitali, lakini namba waliyokupa umesimama juani na mfuko wa nyanya mkononi isikubadilishie dawa. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani, usizungumze. Pima mara mbili, andika zote.

Jambo moja la kando, kwa kuwa naliona kila siku. Mtu ananunua dawa ya presha na diklofenaki ya mgongo kwenye mfuko mmoja. Diklofenaki na ndugu zake hupandisha presha, na pamoja na losatani na HCT huzielemea figo. Paracetamoli kwa siku mbili tatu ni salama zaidi kwake, ingawa jaribio la Edinburgh la mwaka 2022 lilionyesha kwamba gramu 4 kila siku mfululizo nazo hupandisha presha. Mgongo unaouma kila siku unataka daktari.

Chumvi na rosela dhidi ya kidonge

“Dada, mimi nataka vya asili.” Nasikia hili kila wiki, na silipuuzi, kwa sababu baadhi ya vya asili vimepimwa.

Juisi ya rosela, wengine huiita choya, ilijaribiwa Boston kwa watu 65 ambao presha zao zilikuwa za juu kidogo na hawakuwa kwenye dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2010: vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ikashuka pointi 7, wakati waliopewa kinywaji cha kulinganishia walishuka pointi 1. Hiyo ni ya kuheshimiwa. Ila angalia ni nani waliopimwa. Mwenye 170 hatatoka kwenye hatari kwa pointi 7, na rosela tunayokunywa hapa, yenye vijiko vya sukari hadi inanata, siyo ile waliyopewa wale. Inywe bila sukari, pembeni ya dawa, siyo mahali pake.

Chumvi ni habari kubwa zaidi. China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000, nusu ya vijiji walibadilishiwa chumvi ya jikoni wakapewa yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Baada ya karibu miaka mitano viharusi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14, na vifo navyo vilipungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Huu haukuishia kwenye kupima presha, ulihesabu viharusi vyenyewe. Natamani chumvi hiyo ingeuzwa kwenye kila genge la Dar kwa bei ya chumvi ya kawaida. Lakini si ya kila mtu: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia losatani, “prili” au spironolaktoni, potasiamu inaweza kumpanda hadi moyo ukavurugika, kwa hiyo asiinunue kabla ya kuongea na daktari.

Kwa sasa, kwa wengi wetu, njia ya karibu ni kupunguza chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha yote iliyomo: kwenye mchuzi, kwenye kiungo cha mchuzi, kwenye chipsi, kwenye ng'onda. Ng'onda iloweke, mwaga maji, iloweke tena. Na kama umeweka kiungo cha mchuzi cha pakiti, usirudie kutia chumvi, kwa maana ile imeshatiwa.

Kliniki ya presha peke yake au kliniki ya pamoja

Kuna wateja wangu wanaohudhuria CTC kwa ajili ya VVU, na siku nyingine wanapanga foleni ya presha, na siku ya tatu ya sukari. Nauli mara tatu, ruhusa kazini mara tatu. Utafiti wa INTE-AFRICA uliofanyika Tanzania, Dar ikiwemo, na Uganda, kwenye vituo 32, uliweka huduma hizo tatu chini ya paa moja na kuzilinganisha na utaratibu wa kutenganisha. Hofu ilikuwa kwamba huduma ya VVU ingelegea. Haikulegea: waliofanikiwa kudhibiti virusi walikuwa karibu 97 katika kila 100 pande zote mbili, kama ilivyochapishwa mwaka 2023. Ukipata kituo kinachotoa huduma pamoja, kichague. Kama hakipo karibu nawe, omba angalau tarehe zako ziwekwe siku moja.

Siku hiyo nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, vya hospitali, vya duka na vya mwarobaini, na daftari lenye namba za siku saba, asubuhi na jioni. La mama lina jalada la bluu. Anaandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, namba zimeinama, na mwezi huu ametia alama pembeni ya siku mbili: siku moja alisahau losatani, na siku nyingine miguu ilimwasha, akaona aniambie.